Kikundi chetu cha njugu Khwisero: tukope serikalini sasa au tusubiri ruzuku?

KatibuKhwisero aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujisaidia chenye wanachama 17 huku Khwisero, Kaunti ya Kakamega. Akina mama tuko 14 na wanaume ni 3. Tulianza kwa kuwekeana akiba kila Jumatano na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, na leo tukihesabu zilizomo sandukuni pamoja na zilizo mikononi mwa wanachama tunapata shilingi 186,000. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa tumekuwa tukinunua njugu karanga kwa wakulima wa hapa na wa upande wa Busia, tukizikaanga kwa kuni nyumbani kwa mwenyekiti, tukizisaga kwa mashine ya jirani anayetutoza shilingi 30 kwa kilo, kisha tukiuza siagi yake Luanda, Yala na, mara mojamoja, Kisumu mjini. Mwezi wa kawaida tunauza kama kilo 160 kwa shilingi 450 kila kilo, na tukiondoa gharama zote tunabaki na takriban shilingi 90 kwa kilo.

Sasa tunataka kununua mashine yetu wenyewe ya kukaanga na kusaga. Fundi mmoja wa Kisumu ametuandikia bei ya shilingi 240,000. Shida yetu si kukosa mlango wa kubisha, ni milango kuwa mingi: mmoja anataka Hazina ya Uwezo, mwingine Hazina ya Wanawake, vijana wanataka mkopo wa kikundi wa Hazina ya Hustler kwa kuwa unaombwa kwa simu, na akina mama wazee wanasema tungoje ruzuku inayopitia ofisi ya Mwakilishi wa Wanawake, yule mbunge mwanamke wa kaunti nzima, kwa sababu ruzuku hairudishwi. Zaidi ya hayo, mweka hazina wetu ni mwanamume, tena mwaminifu kutushinda sote, na wanachama wawili hawajamaliza kulipa mikopo yao binafsi ya Hustler. Kuna pia kijana anayejiita wakala ambaye anadai asilimia 10 ya pesa zitakazotoka, eti ili faili letu lisikae chini ya mengine. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii, hasa wale iliyowaumiza.

MwekaHazinaMolo alijibu:

Dada Katibu, salamu kutoka Molo. Iliniumiza, kwa hiyo naona nina haki ya kujibu.

Nianze na mkopo wa simu kwa kuwa ndio unaowavutia vijana wenu. Hazina ya Hustler ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kwa mikopo ya mtu binafsi ya shilingi 500 hadi 50,000 inayolipwa kwa siku 14. Ule wa vikundi ulifuata Juni 2023. Unaanzia shilingi 20,000 hadi milioni 1, riba yake ni asilimia 7 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni miezi 6. Riba hiyo ni nafuu kuliko ya benki yoyote ambayo nimewahi kukalia benchi lake. Hata hivyo kinachowahusu ninyi ni ule muda. Shilingi 240,000 zikilipwa kwa miezi 6 zinadai shilingi 40,000 kila mwezi kabla ya riba, ilhali kwa hesabu yako mwenyewe mwezi mzima unawaachia shilingi 14,400. Hao wawili wenye madeni nao watawarudisha nyuma, kwa maana mkopo wa kikundi huangalia rekodi ya mwanachama mmojammoja.

Hazina ya Uwezo ina tabia tofauti. Inasimamiwa katika kila eneo bunge, haitozi riba bali ada ya asilimia 3, na hutoa kati ya shilingi 50,000 na 500,000 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Miezi 6 ya mwanzo ni ya kupumua, hamlipi kitu. Kwa mtu anayenunua kifaa, pumzi hiyo ni ya thamani kuliko riba kuwa sufuri, kwa sababu mashine haianzi kuzaa siku inapoteremshwa kwenye lori. Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, huwapandisha vikundi kwa ngazi: mkopo wake wa vikundi, uitwao Tuinuke, huanza na shilingi 100,000, na mkimaliza kuulipa mnapanda hadi 200,000, kisha zaidi. Wanaume wanaruhusiwa mradi wasizidi asilimia 30, lakini vyeo vishikwe na wanawake, kwa hiyo huyo mweka hazina wenu mwaminifu atalazimika kukabidhi daftari. Mpeni kazi ya ukaguzi wa hesabu, asiondoke.

Sasa lililotuumiza. Kikundi chetu ni cha viazi. Tuliomba mkopo kutoka hazina moja, ambayo sitaitaja, mwezi wa Januari ili tununue mbegu safi za kupanda mvua za Machi zikianza. Fomu zilipokelewa, tukapewa mafunzo, tukatia saini, tukasubiri. Pesa ziliingia kwenye akaunti wiki ya pili ya Juni, viazi vya majirani vikiwa vimeanza kutoa maua. Pesa zisizo na kazi ndani ya kikundi hazikai kimya: mmoja aliomba akopeshwe kwa ajili ya karo, mwingine matanga yalimfika, wa tatu akasema atarudisha Jumatatu. Msimu uliofuata ulipofika, robo ya mkopo haikuonekana, na sisi tuliosalia tukamlipia kila aliyetoweka, kwa sababu dhamana yetu ilikuwa ni sisi kwa sisi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni hazina gani, jiulizeni kama pesa zikichelewa miezi mitano bado zitakuwa na kazi ya kufanya.

MstaafuBungoma alijibu:

Katibu, nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na faili za vikundi nilizosoma ni nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka. Nitagusa yale ambayo mwenzangu wa Molo ameyaacha.

Huyo wakala mfukuzeni leo. Fomu za hazina hizi hutolewa bure, maafisa wake wako katika ngazi ya eneo bunge, na hakuna faili linalopandishwa na mtu wa nje isipokuwa kwa njia ambayo siku ikifichuka itawachafua ninyi, si yeye. Tuseme mmepata mkopo wa shilingi 300,000: asilimia 10 yake ni shilingi 30,000, nanyi mtalipa deni lote la 300,000 huku mkiwa mmetumia 270,000. Hapo mkopo usio na riba umekwisha kuwa na riba, tena ya mbele.

La pili ni cheti chenu. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022, kikundi kinatakiwa kuwa na watu wasiopungua 10, katiba yake, na cheti ambacho kina muda wake wa kuhuishwa. Nimeona vikundi vyenye akiba nzuri vikiachwa nyuma kwa sababu cheti kilikuwa cha zamani, au kwa sababu jina lililo kwenye cheti lilitofautiana kwa neno moja na jina lililo kwenye akaunti ya benki. Nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii mkiwa na cheti halisi, katiba, orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho, na kumbukumbu za mikutano. Hizo kumbukumbu zisiandikwe kwa mkono mmoja na kalamu moja usiku wa kuamkia siku ya kuziwasilisha. Afisa aliyezoea hutambua hilo kabla hajavaa miwani. Mkutano mmoja uwe na azimio linalosema mnaomba kiasi gani, kwa kazi gani, na nani watatia saini benki.

Kuhusu wale wawili wenye deni, msiwafukuze haraka. Kaeni nao muulize wanadaiwa kiasi gani. Mara nyingi ni shilingi elfu moja au mbili ambazo zimeachwa kwa aibu tu. Ikiwezekana sanduku liwakopeshe walipe, walilipe sanduku kila Jumatano, na mambo yaishe ndani ya kikundi.

Ruzuku sasa, kwa maana hapa ndipo watu hupotoka. Hazina ya NGAAF, ambayo ndiyo inayopitia kwa Mwakilishi wa Wanawake, hutoa ruzuku kwa vikundi, na ni kweli kwamba hairudishwi. Ni kweli pia kwamba waombaji ni wengi, hamwezi kuipangia mwezi, na aghalabu huja kama kifaa wala si fedha. Kuna vilevile miradi ya kilimo inayofadhiliwa na Benki ya Dunia: NARIGP ilifanya kazi katika kaunti 21, zikiwemo Bungoma, Vihiga na Trans Nzoia, kisha ikaja NAVCDP yenye eneo kubwa zaidi, ambayo hufanya kazi sana kupitia vyama vya akiba na mikopo vya wakulima. Miradi ya namna hiyo huchagua mazao machache kwa kila kaunti, na kikundi cha zao lisilochaguliwa hakipati kitu hata kingekuwa na mpango wa dhahabu. Ulizeni ofisi ya kilimo ya wadi swali moja tu: je, njugu karanga zimo katika orodha ya kaunti yetu? Jibu likiwa hapana, mtakuwa mmeokoa mwaka mzima wa kusubiri. Vijana wenu wakiwatajia NYOTA, ule mpango wa serikali wa vijana, waelezeni kwamba ile ruzuku ya shilingi 50,000 ni ya kijana mmojammoja wa miaka 18 hadi 29, au hadi 35 kwa mwenye ulemavu. Haiombwi na kikundi.

Neno la mwisho kwa upande wangu: Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuunganishwa kwa Hazina ya Uwezo, ile ya Wanawake na ile ya Vijana. Kwa hiyo mkifika ofisini ulizeni fomu inayotumika wakati huo, msijaze ile aliyowapigia kopi jirani.

NyarKano alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili na ninayaheshimu, lakini naona sote tumekubali mashine kabla ya kuihoji. Dada, niruhusu niihoji.

Mnasaga kilo 160 kwa mwezi na jirani anawatoza shilingi 30, yaani mnamlipa shilingi 4,800. Mkinunua mashine yenu, hizo 4,800 ndizo mnazookoa, tena kabla ya kulipia stima, fundi na mawe ya kusagia. Gawanya 240,000 kwa 4,800: unapata miezi 50. Miaka minne na ushei ya kununua mashine kwa pesa za kutomlipa jirani! Labda mtasema mtasagia watu wengine na kuuza zaidi. Huenda. Lakini basi onyesheni kwanza mnunuzi wa hizo kilo za ziada, kwa sababu kinachowazuia leo si mashine. Ya jirani haijawahi kuwakataa.

Nasema haya kwa uchungu. Sisi tuko upande wa Ahero, ambako mchele ndio maisha, na mradi mmoja ulitupa ruzuku ya kinu. Tulicheza ngoma siku kilipoletwa. Jengo lilikuwa mchango wetu, tukalijenga, tukaezeka mabati. Kisha tukaambiwa kwamba mota ya kinu inataka umeme wa fezi tatu, na laini iliyopita karibu nasi ilikuwa ya fezi moja. Gharama ya kuvuta laini haikuwa katika ruzuku wala katika sanduku letu. Kinu kilikaa miezi 11 kikiwa na mfuniko wa turubai, kuku wakitaga chini yake, nasi tukiendelea kupeleka mpunga kwa mwenye kinu yuleyule wa zamani. Ruzuku hairudishwi, sawa, lakini ilitugharimu.

Mimi ningekopa kwa ajili ya njugu zenyewe. Umesema mnanunua kwa wakulima, hukusema mnanunua lini. Huku kwetu bei ya njugu inapovunwa, Julai na Agosti, si bei ya Februari hata kidogo. Kwenu ikoje?

KatibuKhwisero alijibu:

Asanteni sana, na Mzee wa Bungoma nakushukuru kwa namna ya pekee. Hilo la jina la cheti na la benki limenifanya niamke usiku kutafuta karatasi: cheti kinasema "Self Help Group" kwa ukamilifu, benki imeandika kwa herufi tatu. Nitalishughulikia.

Dada wa Ahero, umenishika pabaya. Tunanunua kila wiki mbili, kadiri pesa za mauzo zinavyorudi. Agosti iliyopita tulinunua kwa shilingi 150 kwa kilo, na kufikia Machi tulikuwa tunalipa 250. Ile shilingi 90 niliyoitaja ni ya miezi ya bei ya juu. Hatujawahi kuweka akiba ya njugu kwa sababu hatujawahi kuwa na pesa za kununua zaidi ya magunia mawili kwa mpigo.

NyarKano alijibu:

Basi jibu umelitoa mwenyewe. Kwa kilo 160 kwa mwezi, miezi 6 inataka kilo 960. Tani moja kwa shilingi 150 ni shilingi 150,000. Mkiikopa kwa asilimia 7 kwa mwaka na kuilipa kwa miezi 6, riba ni kama shilingi 5,250. Bei haipandi siku moja, kwa hiyo tusihesabu tofauti yote ya shilingi 100. Tuseme kwa wastani mnaokoa 50 kwa kilo. Ni shilingi 48,000. Mkopo uleule wa Hustler ambao mwenzetu wa Molo ameukataa kwa mashine, na ameukataa kwa haki, unafaa kabisa kwa njugu, kwa sababu njugu zinageuka kuwa pesa ndani ya miezi hiyohiyo sita. Na ukiwa wa simu, hauna ile kusubiri ya Januari hadi Juni. Kama kiwango chenu kitakuwa kidogo, jazieni kutoka sandukuni.

MwekaHazinaMolo alijibu:

Nakubali, na natamani mtu angenifanyia hesabu hiyo wakati wetu. Ila marejesho msiyaache hadi mwezi wa sita. Kila Jumatano mkishauza, tengeni pesa za deni kabla ya kugawana chochote, la sivyo Januari ya karo itawakuta na njugu zimekwisha, pesa zimekwisha, na deni liko palepale.

FundiWaChakulaSiaya alijibu:

Naingilia kwa sababu mnazungumza juu ya kuweka tani nzima ya njugu kwa miezi 6 na hakuna aliyetaja sumukuvu. Mimi hufanya kazi ya kusindika vyakula, na naomba mnisikilize hapa, kwa maana mkopo wenu wote unaweza kuozea ghalani.

Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye njugu zilizokauka vibaya au zilizohifadhiwa penye unyevu. Haionekani kwa macho, haina harufu, na kukaanga hakuimalizi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho njugu chache mbovu zinatosha kukivuka katika gunia zima. Mwaka wa 2019 KEBS, shirika la viwango vya ubora la Kenya, lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu hiyohiyo, na zilikuwa za watu wenye viwanda vikubwa kuliko jiko la mwenyekiti wenu.

Kwa hiyo, nunueni njugu zikiwa bado na maganda, maana hukaa vizuri zaidi. Mkatazeni muuzaji asizinyunyizie maji ili zimenyeke kwa urahisi; wengi hufanya hivyo, na hapo ndipo ukungu huanzia. Zianikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mkimenya, chambueni kwa mkono: zilizokunjamana, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitupwe, zisipewe kuku wala zisiuzwe kwa bei ya chini kwa jirani. Akina mama 14 wanaochambua kwa makini wana thamani kuliko mashine mnayoitamani. Na kama mnataka kupeleka chupa zenu kwenye maduka ya Kisumu badala ya sokoni Luanda, mtahitaji alama ya ubora ya KEBS, na hiyo inataka chumba safi cha kufanyia kazi, si jiko la nyumbani.

MstaafuBungoma alijibu:

Hapo ndipo ningeielekeza ruzuku, Katibu. Maombi ya NGAAF yasiseme mashine; yaseme chumba cha kukaangia, turubai, mbao za ghala na gharama za kupima. Ni vitu visivyozaa pesa mara moja na hivyo havifai kuchukuliwa kwa mkopo, na vikichelewa mwaka mmoja biashara yenu haitasimama. Mashine ije baadaye kwa Uwezo, mkiwa na daftari la msimu mmoja la kuonyesha. Kamati ya eneo bunge inapoona kikundi kimekopa shilingi 150,000 na kulipa kwa wakati, mazungumzo huwa mafupi.

KatibuKhwisero alijibu:

Mzee, Dada, Ndugu wa Molo, na wewe Fundi wa Siaya, nimechapisha maneno yenu yote na nitayasoma mkutanoni Jumatano. Vijana hawatafurahi, kwa sababu walikwisha kupiga picha na ile mashine Kisumu. Wale wawili wenye deni nimezungumza nao: mmoja anadaiwa shilingi 1,300 na mwingine 850, na wote wawili walidhani ni siri. Mweka hazina amekubali kuachia cheo siku tutakapofika Hazina ya Wanawake, lakini si kabla, na nadhani yuko sawa. Kwa sasa ninachotafuta ni mtu mwenye ghala kavu la kukodi kati ya Khwisero na Luanda kuanzia Agosti; mwenye kulijua anijulishe hapa. Wakala amenipigia simu mara mbili tangu asubuhi. Sijashika.